Safari ya magari yenye nguvu puani

Siku ya kwanza: barabara kuu

Tumetoka alfajiri giza bado halijaisha, gari zimepangana, injini zinapata moto taratibu, na niseme mapema kabisa kwamba safari hii nimeingoja kwa hamu sana. Wazo lilikua la kaka mmoja mwenye Saab, kwamba sisi tulioendesha zile gari za kuvuta kwa mbele zenye nguvu kupita kiasi, enzi kompyuta bado haijajua kukushika mkono, tukutane nazo tena tuzipitishe kwenye barabara za kila aina, lami pana, milima, mvua ikija ije, kila siku mnabadilishana funguo na jioni mnakaa mnazungumza. Hamna mashindano. Sharti ni moja tu, gari ya mtu irudi kwake vile ilivyotoka.

Mimi nimepangiwa hiyo hiyo Saab, 9-3 Viggen, jina limetoka kwenye ndege ya kivita ya Saab 37 Viggen. Zilitoka kati ya 1999 na 2002, injini lita 2.3 yenye turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, za mwanzo nguvu farasi 225 na baadae 230, na zote hizo zinapita kwenye matairi mawili ya mbele ambayo ni hayo hayo yanatakiwa pia yakate kona. Nilishawahi kuiendesha moja nikiwa kijana, na leo nilipokaa tu mkono ukaenda wenyewe katikati ya viti kutafuta ufunguo, maana kwa Saab swichi iko pale chini karibu na gia, na ukitaka kuuchomoa lazima kwanza uweke rivasi. Mkono ulikua haujasahau.

Sasa barabara ikanyooka, gia ya tatu, spidi kama 80 hivi, nikakanyaga mafuta yote. Mwanzo unaona kama hakuna kitu, mshale wa turbo umelala tu, halafu unaanza kupanda na gari inanyanyua pua na hapo stelingi inaanza kuvuta, kulia kidogo, kushoto, kulia tena kwa nguvu zaidi, kama mbuzi wa kamba aliyeona majani upande wa pili wa njia. Mwenye gari kakaa pembeni yangu anaangalia mbele ametulia kabisa. Akaniambia, "Legeza mikono kaka. Shika lakini usikabe. Ukimkaba na yeye atakukaba." Nikalegeza, na kweli, gari ikanyooka ikawa inavuta tu kwenda mbele, kitu kinachokusukuma kwenye kiti hadi unaogopa kuangalia spidi.

Wengi wanajua stelingi ya gari hizi inavuta ila sababu hawaijui, na mi naona ukishaijua unaipenda zaidi. Injini imelazwa kwa upana, gia boksi iko pembeni yake, kwahiyo difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa tairi mbili, haiko katikati ya gari. Shafti moja inayoenda kwenye tairi inakua ndefu na nyingine fupi. Ukikanyaga mafuta pua inanyanyuka, shafti zinabadilisha pembe, na kwa sababu hazilingani urefu basi pembe nazo hazilingani, tairi moja linataka kugeuka zaidi ya lingine na tofauti hiyo yote inaishia mikononi mwako. Dawa ya kwanza wahandisi waliyoipata ni kuweka kipande cha shafti cha katikati kilichoshikwa na beringi kwenye bloku ya injini ili shafti mbili za nje zilingane, na inasaidia sana, lakini turbo ikiamka ghafla kwenye lami yenye mabonde bado utasikia. Tena kuna lingine, ukiongeza kasi uzito wa gari unarudi nyuma, yani tairi za mbele zinapunguziwa uzito dakika ile ile unapozidai kazi kubwa kuliko zote. Ukijumlisha yote hayo unaona kwamba mtu aliyeweka farasi 230 pale mbele alikua anakuamini wewe dereva.

Jioni nikachukua kidogo Volvo 850 T-5R, ya 1995, silinda tano na turbo, farasi 240, rangi ile ya njano ya siagi. Steshen wagoni. Ukumbuke Volvo walipeleka steshen wagoni ya 850 kwenye mbio za magari za BTCC kule Uingereza mwaka 1994, kitu watu hawakuamini macho yao. Hii inavuta stelingi kwa utaratibu zaidi kuliko Saab, nyuma ni ndefu na nzito, kwenye spidi kubwa imetulia sana. Nimeipenda ila moyo ulikua kesho.

Siku ya pili: mlimani

Leo ndo yenyewe. Honda Integra Type R, ile DC2, nyeupe, viti vyekundu vya Recaro, beji nyekundu ya Honda mbele. Haina turbo. Lita 1.8 tu na za soko la Japani zinatoa farasi 200 injini ikizunguka raundi 8,000 kwa dakika, yani zaidi ya farasi 100 kwa kila lita bila turbo, mwaka 1995. Za Ulaya zilitoa 190. Na mstari mwekundu, yani kikomo cha raundi, uko 8,400, namba ambayo kwenye gari nyingi za wakati ule injini ingekua imeshatawanyika barabarani.

Mlima ulianza mpole halafu kona zikakazana, zile kali unazorudi ulikotoka, gia ya pili na ya tatu tu muda wote. Nataka nieleze kona moja vizuri kwa sababu kona hiyo ndo hoja yangu yote kuhusu hizi gari. Unafika, unapiga breki gari ikiwa imenyooka, unashuka gia ya pili, lever ni fupi na inaingia kwa mlio mdogo mkavu unaousikia kwenye kiganja, unaingiza pua kulia. Gari ya kawaida ya kuvuta mbele hapo ukigusa mafuta mapema tairi la ndani linazunguka bure, maana uzito wote umeegemea la nje, na difu ya kawaida nguvu yake haizidi kile ambacho tairi linaloteleza linaweza kubeba, basi pua inakataa kukata, inaenda moja kwa moja kwenye ukingo. Sasa Type R ina difu ya meno ya mshazari, tairi la ndani likianza kuteleza yale meno yanabanana na nguvu inahamia tairi la nje, lenye mshiko. Kwahiyo unakanyaga, katikati ya kona, wakati akili yote inakwambia achia, na pua badala ya kusukuma nje inavutwa ndani. Unasikia kabisa stelingi inazidi uzito na gari inajikunja kuelekea unakoangalia. Nilicheka peke yangu ndani ya gari, kwa furaha tu.

Halafu karibu na raundi 6,000 mlio unabadilika. Watu wanasema VTEC, ule mfumo wa valvu wa Honda, inalia ila kinachotokea ni kwamba presha ya oili inasukuma pini ndogo inayofunga roka, vile vyuma vinavyosukuma valvu, pamoja, valvu zinaanza kufuata kemu (nundu ya kusukumia) nyingine iliyo ndefu zaidi, zinafunguka zaidi na kwa muda mrefu zaidi, injini inaanza kuvuta pumzi ya kifua kizima. Chini ya hapo ni gari ya kawaida ya kwenda kazini, juu ya hapo unazo raundi 2,400 za kitu kingine kabisa, na kwa sababu gia zimebanana ukibadilisha kwenye 8,400 unadondokea karibu na pale pale. Kwahiyo ukishaingia kule juu unakaa kule juu mlima mzima.

Mwenye hii gari ni dada mmoja mtaratibu sana, kaitunza miaka, na nilivofika kileleni mikono inatetemeka akaniuliza tu, "Umeona?" Nikamwambia nimeona dada. Akaniambia kioo cha mbele kwenye za Japani ni chembamba kuliko Integra ya kawaida, mazulia ya kuzuia kelele wameyapunguza, bodi imeongezwa welding, njia za hewa kwenye kichwa cha injini zilisuguliwa kwa mkono, yani walihesabu gramu. Nimeendesha gari nyingi na mpaka leo, kwa kukata kona, sijakutana na ya kuvuta mbele inayonipa furaha kuliko hii, na wala sioni haya kusema ziko gari nyingi za kuvuta nyuma ambazo hazijaifikia.

Kushuka mlima aliendesha dada mwenyewe. Mguu wa kushoto unagusa breki kidogo huku wa kulia bado uko kwenye mafuta, pua inalala, nyuma inakua nyepesi, gari inazunguka kwenye kona bila kugombana. Hii mbinu madereva wa rally wa Skandinavia waliisugua sana kwenye gari za kuvuta mbele. Erik Carlsson alishinda rally ya Monte Carlo 1962 na 1963 akiwa na Saab 96 yenye kainjini kadogo kabisa. Na zile Mini Cooper S, zenye jina la John Cooper, zikashinda Monte Carlo 1964, 1965 na 1967. Hao hawakuambiwa kwamba kuvuta mbele ni gari za kubebea mizigo ya sokoni.

Siku ya tatu: mvua

Mvua imeanza usiku na haijakata hadi jioni. Nimepewa Alfa Romeo 147 GTA, na nilivosikia mvua juu ya bati nikajua leo ni leo. Ya 2002, lita 3.2 V6, farasi 250, msokoto Nm 300, na difu ya kawaida kabisa isiyobana chochote. Boneti ukiifungua unakutana na zile bomba sita za hewa zinazong'aa, injini ya Giuseppe Busso hiyo, ukoo wake ulianza kuonekana kwenye Alfa 6 mwaka 1979, na mlio wake nikiwa dirisha wazi kidogo kwenye mvua, gia ya tatu inapanda, sina maneno. Inanguruma chini halafu inaimba juu.

Ila barabara imelowa na unazo farasi 250 kwenye tairi mbili. Gia ya pili ukitoka kwenye kona ukagusa mafuta kidogo tu tairi la ndani linaruka, stelingi inalegea ghafla mikononi, inakua nyepesi kabisa, na wepesi huo ndo habari yenyewe, unakwambia mbele hakuna mshiko. Nikabadilisha namna ya kuendesha. Nikawa natumia gia ya tatu pale ambapo jana ningetumia ya pili, V6 ina nguvu ya kutosha chini haihitaji raundi, nasubiri stelingi inyooke, nasubiri tena kidogo, halafu namimina mafuta polepole kama mguu unakandamiza sponji. Ikawa inaenda vizuri sana. Baada ya saa nzima ya hivo mtu unakua umetulia hadi kichwani, vidole vinasoma barabara kabla macho hayajaona dimbwi.

Mwenye Alfa hana uhakika aifanyeje. Wenye GTA wengi wamefunga difu ya kubana, ya Torsen au ile ya Q2 ambayo Alfa wenyewe walikuja kuitoa baadae, na kila aliyefunga anasema gari imezaliwa upya. Tumebishana hadi usiku. Mi nasema funga, hakuna heshima yoyote kwenye kuunguza tairi la ndani kila kona, injini kama ile inastahili difu inayoiheshimu. Mzee mmoja mwenye Fiat Coupé ya 20V Turbo akaniunga mkono, yake ni silinda tano, farasi 220, na kiwandani walishaiwekea difu ya kubana, akasema bila ile difu asingekua nayo hadi leo.

Kitu kimoja kwa Alfa, ukitaka kugeuza kwenye njia nyembamba jiandae, tairi hazikunji sana, utaenda mbele nyuma mbele nyuma.

Siku ya nne: tumesimama

Gari moja kwenye msafara imechana buti, ule mpira unaofunika CV jointi, kiungo cha shafti kinachoacha tairi likunje huku linazunguka, jana ilikua inalia tak tak tak tak kila stelingi ikikunjwa hadi mwisho, na rimu kwa ndani imejaa grisi nyeusi. Kwahiyo leo hatujasogea.

Nimekaa na fundi muda wote wakati anaifungua kwa sababu sijawahi kuchoka kuitazama. Akaitoa shafti, akafuta grisi, ikabaki ile bakuli ya chuma na ndani gololi sita zimekaa kwenye mifereji yake, akaikunja taratibu mbele ya macho yangu, gololi zote zinahama pamoja na kubaki zimekaa kwenye mstari mmoja kati ya shafti mbili. Ndo siri yake hiyo, gololi zikikaa pale tairi linazunguka kwa mwendo ule ule hata likiwa limekunjwa. Bila hicho kitu hakuna stori ya kuvuta mbele hata moja, maana jointi ya msalaba ya kawaida ikikunjwa inazungusha kwa kurukaruka. Alfred Rzeppa aliibuni miaka ya 1920, na Mini ya 1959 ndo ikaisambaza kwa watu wa kawaida. Fundi akaniwekea gololi moja kiganjani, ndogo, nzito, imeng'aa ila ina alama moja hafifu kama ukucha umepita. Mchanga tayari umeingia. Akabadilisha jointi nzima.

Mchana mazungumzo yakaenda kwa mzee wetu, mkubwa kuliko wote hapa, aliyewahi kuendesha Oldsmobile Toronado ya 1966. Sikilizeni hesabu hii: lita 7.0, V8, farasi 385 kwa vipimo vya Marekani vya wakati ule, gari ya karibu tani mbili, yote kwa tairi za mbele. Injini imekaa kwa urefu, gia boksi ya otomatiki imelazwa ubavuni mwake, na nguvu inatoka injini kwenda gia boksi kwa mnyororo mpana. Tangu kampuni ya magari ya Cord ilipokufa 1937 hakuna gari ya Marekani ya kuvuta mbele iliyokua imetoka kiwandani mpaka hiyo. Tukamuuliza mzee, stelingi je, ilikua inavuta? Akasema, "Hapana wanangu, ile ilikua inakwenda tu imenyooka. Shida kusimama." Na ni kweli mwaka ule ilikua na breki za dramu mbele na nyuma. Uzito ule. Mwaka uliofuata wakaanza kuuza diski za mbele kwa anaetaka.

Siku ya tano: njia nyembamba

Gari ndogo leo, na nitaandika kwa kifupi kwa sababu nimechoka vizuri.

Asubuhi Peugeot 205 GTI 1.9, farasi 130, kilo kama 900. Kwa namba za leo ni kidogo ila barabara hii ina upana wa gari moja na nusu, na hapa uzito ndo mfalme. Stelingi haina pawa, inaongea kila kokoto. Sheria yake ni moja na kila aliyeiendesha anaijua: ukishaingia kwenye kona na spidi usiachie mafuta ghafla. Ukiachia, uzito unakimbilia mbele, nyuma inabaki haina kitu, na inakuja kukusalimia. Ukilijua hilo linakua silaha, unaachia kidogo tu kwa makusudi, nyuma inazunguka kadiri unavyotaka, unarudisha mafuta na mbele inakuvuta kutoka. Kila kona nilikua natumia mguu wa kulia kama stelingi ya pili.

Mchana Starlet Glanza V. Kwa watu wengi tunaojua gari hii haihitaji utambulisho. Lita 1.3, turbo, farasi 135, na swichi ya kuchagua presha ndogo au kubwa ya turbo. Kijana mwenye nayo akaniambia, "Braza, weka kubwa." Nikaweka. Tairi nyembamba, gari fupi, turbo inapuliza pyuuu kila ukibadilisha gia, stelingi inavuta mikono kwa furaha kabisa. Gari hii ndo niliyojifunzia kwamba gia ya kwanza na ya pili hazikanyagwi zote, unakanyaga nusu, unasubiri ishike, halafu unamalizia. Baadae Mazda kwenye Mazdaspeed3 yao ya farasi 263 waliamua kompyuta ipunguze nguvu kwenye gia ya kwanza na ya pili. Kilichokua kinafanywa na mguu wako.

Siku ya sita: mwisho wa zama

Za mwisho zimebaki mbili, zote za pale mwisho mwisho kabla kila kitu hakijahamia umeme na skrini.

Ford Focus RS ya 2009, kijani ile inayoumiza macho, silinda tano lita 2.5 ukoo wa Volvo, turbo, farasi 305 na Nm 440. Wakati inatangazwa watu walisema haiwezekani, 300 kwa tairi za mbele ni wazimu. Ford wakaweka difu ya kubana ya Quaife na kitu walichokiita RevoKnuckle, ambacho ukikielewa ni kizuri sana: sehemu ya mbele inayogeuka wameitenganisha na sehemu inayopokea mishtuko, hivo ule mstari ambao tairi linazungukia umesogezwa karibu na katikati ya tairi lenyewe. Mkono ambao nguvu ya injini ilikua inautumia kukuvuta stelingi umefupishwa. Nimeikanyaga gia ya tatu kwenye lami iliyochoka, mlio wa silinda tano umejaa gari nzima, nikaisikia inavuta bado, ila kidogo, kama inakukumbusha tu. Nilifurahi ipo. Wangeiondoa kabisa ningeona wameniibia.

Halafu Renault Mégane R26.R, ya 2008, zilitengenezwa 450 tu. Farasi 230, turbo lita 2.0, lakini walivyoipunguza uzito: viti vya nyuma hakuna, vioo vya nyuma ni plastiki, boneti ya kaboni, kilo 123 zimetoka. Mwaka huo huo ilizunguka uwanja wa Nürburgring kule Ujerumani kwa dakika 8 na sekunde 17, rekodi ya gari za kuvuta mbele wakati ule. Tulikua na uwanja wa mzunguko kwa masaa machache na nikaizungusha hadi tairi za mbele zikaanza kunuka. Breki zake unapiga umechelewa, unaona umechelewa sana, na bado inasimama, unaingiza pua, difu inabana, unakanyaga, inakuvuta. Ni somo lile lile la Integra siku ya pili ila limeandikwa kwa herufi kubwa.

Jioni tukapiga kura za mdomo ipi ni bora. Mwenye Saab kapigia Saab yake na hakuna aliyeshangaa. Mzee wa Toronado kapigia 205. Mi Integra, na nitaitetea mbele ya yeyote. Mwenye Alfa kasimama akasema ameamua, anafunga Torsen, na nikamwambia akimaliza anipigie kabla hajamwambia mtu mwingine, nikaijaribu mwenyewe, ikiwezekana siku ya mvua.